Kula Kwanza, Kidonda Baadaye

Siku waliyoniaga kazini walinipa shuka jipya na birika la chai, kisha wakanitaka niwaambie vijana maneno mawili. Nikasema asanteni sana, nikakaa. Walidhani nimezidiwa na machozi. Ukweli ni kwamba mbele yangu kulikuwa na sahani ya wali na nyama, na mimi siwezi kuona chakula kikipoa mbele ya watu bila kumkumbuka mtu mmoja. Nilikwisha kumkumbuka, na maneno yakakataa kutoka. Haya hapa sasa ndiyo maneno mawili niliyoombwa, na yamezidi mawili.

Habari za vyeo na mishahara mtazipata kwa wengine. Zangu hazijazi kisahani cha chai. Nitawaambia habari za vidonda na majipu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu nikiwa msichana mpaka nilipohitaji miwani ili nione ncha ya kibanio. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichoelewana nacho mimi wa Mvara, huko Arua, na wenzangu wa Koboko. Changu nimekinyoosha kidogo. Wao nimewaacha waseme kama walivyosema, maana nikiwanyoosha na wao sitawasikia tena.

Nilipelekwa Koboko, mpakani mwa Uganda na Sudan, mwaka wa sabini na tisa, kwenye dispensari ndogo yenye chumba kimoja cha vidonda. Nilifika na gauni jeupe nililolipiga pasi mpaka likawa linasimama lenyewe. Aliyenipokea alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, mwanamke wa Kikakwa kutoka Dranya hapo jirani, ambaye kila mtu alimwita Mama Kiden. Mume wake alikuwa askari wa serikali iliyoangushwa mwaka ule, ameondoka na wenzake vita vilipogeuka, na hakurudi. Mama Kiden alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla ya kusema, hata ukabaki unajikagua kama umevaa nguo nyuma mbele.

"Hii gauni mzuri sana," aliniambia. "Leo yeye nakufa. Kuja hapa, washa moto."

Basi siku yangu ya kwanza ya kazi niliipitisha nikipuliza kuni. Sindano zilikuwa chache na zenyewe zilifungiwa kabatini. Dawa ya unga ikija wiki hii, wiki ijayo haipo. Lakini chumvi ilikuwapo, maji yalikuwapo, na kuni nilitakiwa kuzitafuta mwenyewe. Maji yachemke sawasawa, yatiwe chumvi, yafunikwe yapoe mpaka uweze kutia kiwiko bila kuruka. Kiganja kinadanganya, alisema Mama Kiden, kiganja cha mwanamke kimezoea sufuria. Kiwiko ndicho kinachojua ngozi ya mgonjwa inasikia nini.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu, mtu mwenye sauti kubwa, ambaye alikataa kiti. Jipu lilikuwa limemwota kwenye tako. Alikuwa amesafiri amesimama nyuma ya lori kama mnara, na chai tuliyompa aliinywa akiwa amesimama. Tulipomfungua tulikuta weusi mtupu. Mke wake alikuwa amevunja betri ya redio akampaka ule unga wa ndani.

"Kwa nini betri?" nikauliza.

"Betri iko na nguvu," akanijibu, kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto.

Tulimwosha, tukambandika kitambaa cha moto mara kwa mara mpaka jipu lenyewe likaamua kufunguka, na aliporudi kutushukuru alikaa kwenye kila kiti kilichokuwamo dispensari. Tangu hapo nimekuta kwenye vidonda vya watu majivu, masizi ya sufuria, mavi ya ng'ombe, mafuta ya baiskeli, na majani ambayo hata mbuzi hawayaulizi. Betri ndiyo ninayoichukia kuliko vyote. Sikatai dawa za nyumbani, mimi mwenyewe nimeziishi. Asali safi inasaidia kidonda, na kitambaa cha shuka kuukuu kilichochemshwa, kikaanikwa juani na kupigwa pasi ya makaa kinafunga vizuri kama bandeji. Lakini nyumba moja inaweza kuwa na asali na betri kwenye rafu moja, na kazi yenu ni kufika kabla mkono haujachagua.

Na jipu halikamuliwi. Nimelisema neno hili mpaka wanangu wakaniomba niliache wakati wa kula. Bandika joto, subiri, likifunguka osha, funika, nawa mikono. Likiota kati ya pua na mdomo, au mkiona mstari mwekundu unapanda kutoka kwenye kidonda, au mtu anatetemeka kwa homa, weka beseni chini na utafute baiskeli, gari, hata mgongo wa mtu, afike hospitali. Mama Kiden hakuwa na aibu kusema "hii imenishinda". Alisema mapema, na ndiyo maana wengi walipona.

Kwa kuwa wenye vidonda vibaya zaidi hawawezi kutembea, tulikwenda majumbani. Hapo ndipo nilipojifunza kazi.

Huko Dranya kulikuwa na mzee mmoja, askari wa zamani, jina lake lilikuwa limeshamezwa na cheo: Sajini. Mguu wake ulikuwa na kidonda kilichokula kuanzia kifundoni, na harufu yake ilikupokea kabla ya mbwa. Jamaa zake walikuwa wamemjengea kibanda chake pembeni kabisa mwa boma. Si kwamba walimchukia. Mkwe wake alimpikia kila siku bila kukosa, akaweka chakula mlangoni, akageuka. Sahani yake ya bati ilikuwa imetobolewa tundu ukingoni kwa msumari, ili isije ikachanganyika na za wengine.

Nilikuwa nimeshafungua mkoba wa vitambaa Mama Kiden aliponishika mkono. Akamwita yule mkwe. "Binti yangu, sisi natoka mbali. Sisi nasikia njaa."

Nilishangaa, kwani tulikuwa tumekula kabla ya kuondoka. Mkwe akaleta ugali wa muhogo na majani ya kunde yaliyotiwa simsim, yaani ufuta, kwenye sahani mbili nzuri za wageni. Mama Kiden akazishukuru, akazisogeza kando. Tukanawa. Kisha akavuta ile sahani yenye tundu kutoka mlangoni, akaiweka katikati yetu na Sajini, akamega tonge, akachovya, akala. Sajini akatazama mkono ule unaoingia kwenye sahani yake kama anayetazama mgeni aliyepotea njia.

Ikawa zamu yangu. Kidonda kilikuwa kimefunikwa, lakini harufu haifunikwi. Tonge likafika kooni likakaa. Machozi yakanijaa. Mama Kiden hakunigeukia. Alizungumza chini, midomo ikiwa karibu imefungwa.

"Meza. Mgonjwa naangalia koo yako."

Kweli alikuwa analitazama. Hakutazama mikono yetu wala mkoba, alitazama koo langu. Nikameza. Sajini akashusha pumzi, akasogeza mkono wake, naye akamega. Tulikula mpaka sahani ikawa nyeupe, tukanawa tena kwa sabuni, ndipo Mama Kiden akasema, "Haya, afande, leta mguu." Akauleta mwenyewe. Kuosha kidonda cha namna ile kunauma vibaya sana, na mzee yule hakutoa sauti.

Tukiwa njiani kurudi nilimwuliza kwa nini.

"Mutu nakula peke yake mwaka nzima," alisema. "Wewe nakuja na maji ya moto, namwambia vumilia. Yeye navumilia kwa nini? Kwa nani? Kula kwanza. Kidonda baadaye."

Msinielewe vibaya, ninyi mliosoma habari za vijidudu. Tulinawa kabla na tulinawa baada, na mikono haikugusa kidonda kisha chakula. Lakini nimewaona wagonjwa wengi waliopewa dawa iliyo sahihi wakaitupa nyuma ya nyumba, kwa sababu aliyeileta aliisukuma kwa ncha ya kidole. Sajini tulimwendea miezi mingi. Kidonda kilijaa nyama taratibu, kikabaki kovu linalong'aa, na mzee akahamia kula barazani na wajukuu. Ile sahani ya tundu walipewa kuku.

Sikuwahi kufurahi kazini kama nilivyofurahi mwaka ule. Nalisema waziwazi kwa kuwa nimeshazeeka. Tulikuwa tunatembea asubuhi kwenye njia za Dranya, mtama ukiwa umesimama pande zote mbili, Mama Kiden mbele na beseni lake la bluu kichwani, akiwasalimia watu kwa majina ya majipu yao. "We Kwapa, umepona? We Shingo, mama yako hajambo?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mara nyingi nimejaribu utani huo na mimi, na watu wamenuna. Ulikuwa wake peke yake.

Mwaka uliofuata bunduki zilirudi, na Koboko ikaanza kuhama. Waliokuwa na jamaa jeshini ndio waliotangulia, na Mama Kiden alikuwa na kila sababu ya kuondoka. Asubuhi watu walipoanza kukimbia alikimbilia nyumbani kuchukua vitu vyake akapita shambani, na bua la mtama uliokatwa likamchoma mguuni, hapo penye mfupa pasipo na nyama ya kutosha. Alipokuja dispensari tayari damu ilikuwa imejaa kiatu.

Nilimwosha mimi. Alikaa kwenye kile kiti cha wagonjwa na kuniamuru kama siku zote: maji yapo moto kidogo, kitambaa hicho bado kichafu, wewe mutoto ya Mvara mkono wako mzito. Kidonda cha hapo, ninyi mnajua, kinataka kuoshwa kila siku na mguu kuinuliwa juu ya kigoda. Yeye alikuwa anakwenda kwa miguu mpaka Sudan. Mimi nilikuwa narudi kwa mama yangu Mvara, na kutoka hapo, kama ilivyokuja kuwa, tungekimbilia Zaire.

Tuligawana chumvi iliyobaki. Akaifunga yake kwenye pindo la kanga. Tukatembea pamoja mpaka barabara zinapoachana, yeye akichechemea, na pale akasimama.

"Mimi nikifika huko na mguu ya kunuka," akasema, "nani nakula na mimi?"

Akacheka. Nikacheka naye, kwa kuwa ndivyo tulivyokuwa. Lakini alikuwa amecheka baada ya kusema, si kabla, na sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. Akaweka beseni kichwani akaondoka na umati. Nililitazama lile la bluu mpaka likachanganyika na magodoro na vichwa vya watu, na swali lile likabaki na mimi.

Zaire tulipokelewa ng'ambo ya mpaka, karibu na Aru, tukajenga vibanda kwenye mashamba ya watu. Vidonda havikutuacha. Miguu ya wakimbizi ina vidonda kuliko miguu mingine yote, na majipu hupenda mahali ambapo sabuni ni ya kuomba. Nilizunguka na sufuria yangu na chumvi. Kila nilipoingia niliomba chakula kwanza, hata kama ni nusu ya kiazi. Bibi mwenye shamba tulilokaa alinitazama siku kadhaa, halafu akasema, "Ninyi batu ya Uganda munashangaza. Munaingia kwa mugonjwa kama munakuja ku harusi." Baadaye yeye mwenyewe alikuwa akija nyuma yangu na bakuli la maharage.

Tuliporudi Arua, katikati ya miaka ya themanini, nilirudishwa kazini. Nilifunga vidonda hospitalini asubuhi, na mchana nilikwenda Mvara na mpaka Aroi, ambako watu walikuwa wanasafisha mashamba yaliyogeuka msitu na kila mmoja alikuwa amejikata na panga lake mwenyewe. Nikaolewa, nikazaa, nikafundisha wasichana wengi kutia kiwiko kwenye maji. Yote hayo ni maisha mazuri na sina malalamiko. Lakini kila lori lililotoka Sudan na watu wanaorudi nililiendea. "Mnamjua Mama Kiden? Mwanamke wa Dranya, dresa, mfupi, beseni la bluu?"

Mmoja alisema yuko Yei anauza chai. Mwingine alisema mguu ulikatwa. Wa tatu akasema ameolewa na mwenye duka, amenenepa, hatoki nje. Habari hii ya tatu niliipenda, nikaichagua, na kwa muda mrefu niliishi nayo. Hata hivyo nilipokuwa nakula, hasa nyakati ambazo mume wangu alikuwa safarini na watoto wamelala, nilimwona ameketi kwenye kibanda pembeni mwa boma la watu, na mbele yake sahani ya bati. Niliogopa kitu hicho kuliko kifo chake. Kufa tunakufa sote. Lakini mtu aliyekaa na kila mwenye kunuka, naye aje akaliwe na upweke kwa ajili ya harufu, hilo sikuweza kulimeza.

Miaka ya tisini ilipoanza niliomba kurudi Koboko. Mume wangu aliniuliza kuna nini huko. Nikasema vidonda. Alinijua vizuri, kwa hiyo hakuuliza tena.

Dispensari ilikuwa imejengwa upya, na chumba cha vidonda kilikuwa na kabati lenye vioo. Siku moja tuliletewa habari kwamba huko Dranya kuna mzee ana kidonda cha mgongoni, amelala kitandani muda mrefu, hawezi kuja. Nikafunga vitambaa vyangu nikaenda. Njia ilikuwa ileile, na mtama umesimama pande zote mbili. Nilitembea polepole, si kwa sababu ya umri.

Nilipofika nilimkuta mwanamke kijana amekwisha kutangulia, jirani aliyeitwa kusaidia, jina lake Zaitun. Maji yalikuwa yanachemka nje. Nikaweka mkoba chini nikasema tuanze kabla jua halijawa kali.

"Karibu, Mama," akaniambia. "Nawa kwanza. Sisi nakula na mzee."

Akatandika mkeka karibu na kitanda, akaweka sahani moja katikati, akamsaidia mgonjwa kuinuka na kuegemea kiwiko. Wakaanza kula kutoka sahani ileile. Mimi nilikuwa bado nimesimama.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Huko Yei," alisema. "Mimi nilikuwa na majipu kwapani, mbaya sana. Mama yangu mwenyewe nawekea mimi chakula mlangoni. Siku moja mama moja nakuja na fimbo, mguu umefungwa kitambaa. Anasema, mimi nasikia njaa. Anakula sahani yangu."

"Na beseni la bluu."

Zaitun akaacha kutafuna. "Wewe namjua Mama Kiden?"

Nikaketi mkekani. Nikauliza yuko wapi.

"Alifariki, Mama. Hii mguu ilimushinda. Sisi tulizika yeye hukohuko, kabla ya kurudi."

Sikuuliza siku wala mwezi. Nilikuwa na swali moja tu, na nilikuwa nimelibeba tangu barabara zilipoachana.

"Mguu ulinuka?"

"Ulinuka sana. Mwisho, hata mlangoni."

"Na sahani yake," nikasema, "walikuwa wameitoboa tundu?"

Akanitazama, na nikaona kwamba alikwisha kusimuliwa habari za Sajini, kwa sababu uso wake ukalegea.

"Hapana, Mama. Yeye hakuwa na sahani yake. Sahani ilikuwa moja. Mimi, yeye, mama yangu, watoto ya majirani, wale wote alitibu. Kila siku. Mikono mpaka inagongana. Mpaka yeye nakasirika, nasema, nyinyi nakula haraka sana, mimi mgonjwa nitakufa na njaa!"

Akacheka. Nikasikia kicheko kile kingine ndani ya chake. Zaitun akanisogezea sahani, nikamega tonge, nikalitia mdomoni, likafika kooni likakaa. Machozi yakanitoka bila kizuizi. Mzee wa watu, aliyekuwa ameegemea kiwiko, akaacha kula akabaki ananikodolea macho, na nikajua anadhani ni harufu yake.

Zaitun aliinama kuelekea kwangu, hakunigeukia, na akasema chini, midomo ikiwa karibu imefungwa:

"Meza, Mama. Mgonjwa naangalia koo yako."

Nikameza.